Sauti ya Michael Crawford ilitoka wapi?

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye huimba sauti ya tenor (sauti ya juu ya wanaume) katika kwaya ya kanisa lake na kuigiza vichekesho katika kikundi cha mtaani kwao, ameniandikia hivi: “Nilitazama filamu ya zamani ya Hello, Dolly! nikamwona kijana mrefu, mwembamba, mwenye haya, na sauti yake ya kuongea ilinichekesha. Baadaye nikasikiliza rekodi ya The Phantom of the Opera ya London, nikaambiwa kwamba yule anayeimba akiwa amevaa kinyago ni Michael Crawford huyo huyo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mtu wa vichekesho aliipata wapi sauti ile akiwa amekwisha kuvuka miaka 40, na ilikuwaje filamu ya mwaka 2004 wakapewa watu wengine?”

Ndugu yangu, ni kweli kabisa. Ni mtu mmoja, na tofauti ya miaka kati ya kazi hizo mbili ni kumi na saba tu. Swali lako ninalipenda kwa sababu wengi wanaomzungumzia Crawford huyagawa maisha yake vipande viwili, mchekeshaji wa kwanza na mwimbaji wa pili, kisha wakalieleza badiliko hilo kana kwamba lilitokea usiku mmoja. Mimi ninayefundisha sauti sikubaliani nao. Nikiifuatilia kazi yake mwaka kwa mwaka, ninaona kwamba mwimbaji alitangulia kuwapo kabla ya mchekeshaji, na kwamba vichekesho vyenyewe ndivyo vilivyomjengea mwili ambao sauti ile iliuhitaji.

Alizaliwa Salisbury, kusini mwa Uingereza, tarehe 19 Januari 1942, akakulia Kent. Jina la Crawford si la ukoo wake. Alizaliwa Michael Smith, na alipoanza kazi akalichukua jina la kampuni ya biskuti. Akiwa mtoto alikuwa na sauti ya soprano iliyo safi, na sauti hiyo ikamfikisha kwa Benjamin Britten, mtunzi mkubwa kuliko wote wa opera nchini Uingereza katika karne ya 20. Aliimba sehemu ya Sammy, mtoto anayetumwa kusafisha mabomba ya moshi, katika opera ya watoto ya Britten, na mwezi Juni mwaka 1958 alikuwamo katika onyesho la kwanza kabisa la Noye’s Fludde, opera inayosimulia safina ya Nuhu, iliyofanyika ndani ya kanisa la Orford, Suffolk. Yeye aliimba sehemu ya Yafethi, mmoja wa wana wa Nuhu.

Naomba uzingatie jambo hili kwa sababu ndilo msingi wa jibu langu. Mtoto anayeimba kazi za Britten hawezi kutegemea kukariri nyimbo peke yake. Muziki ule una miruko migumu kati ya noti na noti, wapiga ala hawamsaidii mwimbaji kwa kumpigia noti yake waziwazi, na mtoto analazimika kuisikia noti kichwani kabla ya kuifungulia kinywa. Sikio likishafundishwa hivyo katika umri ule halisahau, hata sauti yenyewe ikibadilika wakati wa kubalehe, hata mwenye sauti akikaa miaka mingi bila kuimba kwa dhati. Kwa hiyo yule kijana uliyemwona katika filamu alikuwa amekwisha kupita katika mafunzo ambayo waigizaji wengi wa vichekesho hawajawahi kuyasikia.

Miaka ya 1960 ilikuwa ya filamu. Aliigiza pamoja na Steve McQueen katika filamu ya vita mwaka 1962, kisha mwongozaji Richard Lester akamtumia mara tatu: katika The Knack ya mwaka 1965, katika A Funny Thing Happened on the Way to the Forum ya mwaka 1966, na katika How I Won the War ya mwaka 1967, ambamo alifanya kazi pamoja na John Lennon wa Beatles. Mwaka huo wa 1967 alikuwa pia jukwaani Broadway, New York, katika tamthilia ya Peter Shaffer iitwayo Black Comedy, ambayo mchezo wake wote ni wa watu walio gizani baada ya umeme kukatika, ilhali watazamaji wanawaona kwa mwanga kamili. Fikiria kazi ya mwigizaji hapo: kujigonga kwenye viti, kuanguka, kupapasa kuta, kila usiku, kwa kipimo kile kile, bila kuumia. Ndipo Gene Kelly, mcheza dansi mashuhuri aliyekuwa akiongoza Hello, Dolly!, akamchukua kuwa Cornelius Hackl, karani wa duka anayetoroka kazini kwenda mjini kutafuta mapenzi.

Sasa rudi kwenye filamu hiyo, lakini safari hii uisikilize zaidi ya kuitazama. Uso wake, shingo yake ndefu na magoti yake vinakushawishi ucheke, na ndivyo alivyotakiwa afanye. Lakini ukifika kwenye wimbo wa taratibu ambao Cornelius anaeleza kwamba kupenda huchukua muda mfupi tu, fumba macho. Utasikia sauti ya tenor nyepesi, yenye pumzi iliyotulia, inayopanda juu bila kusukumwa. Watengenezaji wa filamu ya katuni WALL-E ya mwaka 2008 waliichukua sauti hiyo hiyo wakaiweka katikati ya hadithi yao, pale roboti mpweke anapotazama kanda ya zamani na kujifunza maana ya kushikana mikono. Vijana wengi wameisikia sauti ya Crawford humo bila kujua jina lake. Mwaka 1969 wachache waliigundua, kwa sababu filamu iligharimu fedha nyingi mno na haikurudisha zilizotarajiwa, na enzi ya filamu kubwa za nyimbo huko Hollywood ilikuwa ikifikia mwisho. Crawford akarudi nyumbani bila mlango wa kuingilia.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya ajulikane katika kila nyumba ya Uingereza, na ndicho pia kilichokaribia kumfunga. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1978 alikuwa Frank Spencer katika mfululizo wa vichekesho wa BBC uitwao Some Mothers Do ’Ave ’Em, mtu mpole, mwenye kofia ya bereti na koti la mvua, anayeharibu kila anachokigusa ingawa nia yake ni njema. Vitendo vya hatari alivifanya yeye mwenyewe. Katika kipindi kimoja anavaa viatu vya magurudumu, anashindwa kusimama, anatoka barabarani na kupita chini ya lori linalotembea; katika kingine gari linaning’inia ukingoni mwa jabali, naye ananing’inia kwenye gari. Mtu anayeweza hayo ana misuli ya tumbo na mgongo inayomtii kila wakati, na anajua kuilegeza shingo na taya hata mwili mwingine wote ukiwa katika hofu. Hivyo viwili, tumbo linalotii na taya lililolegea, ndivyo ninavyovidai kwa mwanafunzi wangu wa kuimba kabla sijamruhusu aguse wimbo mgumu.

Watu husahau kwamba katikati ya miaka hiyo ya Frank Spencer alikuwa mwigizaji mkuu wa tamthilia ya muziki iitwayo Billy, kwa muziki wa John Barry na mashairi ya Don Black, iliyofunguliwa Theatre Royal Drury Lane, London, mwezi Mei mwaka 1974 na kuonyeshwa mara 904. Kwa desturi ya London mwigizaji hupanda jukwaani mara nane kwa wiki. Hakuna studio wala darasa linaloweza kumpa mwimbaji kile anachopewa na utaratibu huo, kwa sababu koo linalotumiwa vibaya halifiki Ijumaa. Mwaka 1979 akajaribu tena katika Flowers for Algernon ya mtunzi Charles Strouse, hadithi ya mtu mwenye akili nzito anayepasuliwa akawa mwerevu kisha akaanza kupoteza tena alichokipata. Ilifungwa baada ya maonyesho 28. Wanaohesabu mafanikio kwa tiketi huipita kazi hiyo haraka, ila mimi naona hapo ndipo alipoanza kuonyesha kwamba anaweza kuwaliza watu kwa wimbo.

Halafu ikaja Barnum. Tamthilia hii ya muziki ya Cy Coleman inasimulia maisha ya P. T. Barnum, mfanyabiashara Mmarekani wa maonyesho na sarakasi, na Crawford aliifungua London Palladium mwezi Juni mwaka 1981. Alikwenda New York kufunzwa katika shule ya sarakasi ya Big Apple Circus, akajifunza kutembea juu ya kamba, kurusha na kudaka vitu, na kuteremka kutoka juu ya ukumbi kwa kamba. Kutembea juu ya kamba huku unaimba ni jambo ambalo haliwezi kudanganywa. Mwimbaji akivuta pumzi kwa kuinua mabega, kama wanakwaya wengi wanavyofanya, uzito wa mwili unapanda juu na anayumba. Akivuta pumzi chini, kiuno na tumbo vikipanuka bila kifua kutikisika, anabaki wima. Kamba ile ilimhukumu kila usiku, mbele ya ukumbi uliojaa, kwa maonyesho 655. Alipata tuzo ya Olivier ya mwigizaji bora wa tamthilia ya muziki, na BBC wakairekodi kazi hiyo mwaka 1986, kwa bahati njema yetu sote.

Katika miaka hiyo yote alikuwa na mwalimu wa sauti, Ian Adam, aliyekuwa na darasa lake London na kufundisha waigizaji wengi mashuhuri. Mwanafunzi mwingine wa Adam alikuwa Sarah Brightman, soprano aliyekuwa mke wa mtunzi Andrew Lloyd Webber. Inasimuliwa kwamba Lloyd Webber alipofika kumchukua mkewe baada ya somo alimsikia Crawford akifanya mazoezi ya wimbo wa opera wa Handel, akashangaa kwamba sauti ile ni ya Frank Spencer. Wakati huo Lloyd Webber alikuwa akiandaa The Phantom of the Opera kutokana na riwaya ya Mfaransa Gaston Leroux, na sehemu ya Phantom, mtu mwenye uso ulioharibika anayejificha ndani ya jumba la opera, ilikuwa imetajwa kwa Steve Harley, mwimbaji wa roki aliyekwisha kurekodi na Brightman wimbo wenye jina la tamthilia hiyo. Mwishowe akachaguliwa Crawford. Magazeti yalishangaa, na ninauelewa mshangao wao, kwani walikuwa wakikumbuka bereti. Ila kwa yule aliyekuwa akimsikia Handel akitoka nyuma ya mlango wa darasa, uchaguzi ulikuwa na msingi wote uliotakiwa.

Onyesho lilifunguliwa Her Majesty’s Theatre tarehe 9 Oktoba 1986, Harold Prince akiwa mwongozaji. Niruhusu nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo swali lako linapojibiwa kwa ukaribu.

Kwanza, kinyago. Kinyago kinachofunika uso mzima kingeifunga sauti na kumzuia mwigizaji asionyeshe lolote, kwa hiyo mbunifu Maria Björnson alitengeneza cha nusu uso, kinachouacha mdomo wazi. Chini yake kulikuwa na uso wa bandia uliotengenezwa na Christopher Tucker, vipande vilivyobandikwa kwa gundi kwa muda wa takriban saa mbili kabla ya kila onyesho, pamoja na wigi, maikrofoni zilizofichwa, na lenzi za machoni zilizopunguza uwezo wa kuona. Mtu huyo, akiwa haoni vizuri na nusu ya uso wake haichezi, alitakiwa kumfanya mtazamaji wa kiti cha juu kabisa ampende na kumhurumia. Alitumia nini? Alitumia mikono, mgongo na sauti. Tazama picha zake za onyesho hilo uone vidole: vimenyooka, vinakaribia kumgusa Christine, mwimbaji kijana ambaye Phantom anampenda, kisha vinasita. Kinyago kinapong’olewa anatambaa sakafuni kuelekea kwa yule msichana, na hilo linahitaji mwigizaji aliyekwisha kuanguka mara elfu akijua jinsi ya kuanguka. Na mwishoni mwa sehemu ya kwanza Phantom yumo ndani ya sanamu ya malaika juu ya jukwaa, akiwa ananing’inia na kuimba. Baada ya kamba ya Barnum, malaika hakumtisha.

Pili, sauti yenyewe. Katika wimbo wake mkuu wa sehemu ya kwanza, ule wa muziki wa usiku, anaanza chini, karibu na mnong’ono, akiyatamka maneno kwa uangalifu kama mtu asiyetaka kumshtua aliye mbele yake. Kisha inakuja noti ya juu ambayo mwimbaji mwenye kifua kipana angeipiga kwa nguvu zote apate makofi. Crawford anaishika kwa ulaini, anairefusha, anaipunguza, na ukumbi mzima unalazimika kunyamaza ili uisikie. Hiyo si falsetto, ile sauti nyembamba ya bandia ya mwanamume anayepanda juu. Ni mchanganyiko wa sauti ya kifuani na ya kichwani uliosawazishwa kwa miaka, na mzizi wake ni ile soprano ya mtoto, kwa sababu aliyewahi kuimba juu bila hofu akiwa mdogo hubaki anajua njia ya kupita. Wako waliomfuata katika sehemu hiyo wenye sauti kubwa kuliko yake, wengine waliofunzwa opera. Ninawaheshimu, lakini sauti kubwa inamfanya Phantom kuwa mtu wa kuogopwa tu, ilhali ile nyepesi ya Crawford inamfanya mtu aliyenyimwa kupendwa. Kwa hukumu yangu hakuna aliyemfikia.

Alipata Olivier ya pili, akaifungua kazi hiyo Broadway, katika Majestic Theatre, tarehe 26 Januari 1988, akatwaa tuzo ya Tony, kisha akaenda nayo Los Angeles. Aliicheza zaidi ya mara 1,300 kwa jumla.

Sasa kuhusu filamu. Mpango wa kwanza ulikuwa wake. Kampuni ya Warner Bros ilikubaliana na Lloyd Webber, Joel Schumacher akachaguliwa kuongoza, na Crawford na Brightman walitarajiwa kuziigiza sehemu zao zile zile. Mwaka 1990 ndoa ya Lloyd Webber na Brightman ikavunjika, na mradi ukawekwa kando. Ulipofufuliwa miaka zaidi ya kumi baadaye, Schumacher alitaka waigizaji vijana. Mashabiki wa Crawford walifanya kampeni apewe, lakini sehemu ikaenda kwa Gerard Butler, na Christine akawa Emmy Rossum. Crawford alikuwa na umri wa miaka 62 filamu ilipotoka.

Umri ni sababu ya kweli, ila si peke yake. Watayarishaji wa filamu wamekuwa na desturi ya muda mrefu ya kutomwamini mtu aliyeianzisha sehemu jukwaani. Julie Andrews, Mwingereza mwingine, ndiye aliyekuwa Eliza wa kwanza wa My Fair Lady huko Broadway mwaka 1956, lakini filamu ya mwaka 1964 ikapewa Audrey Hepburn, na nyimbo nyingi za Hepburn zikaimbwa na Marni Nixon asiyeonekana. Mwaka huo huo Andrews alitoka na Mary Poppins, ambayo ilimpa Oscar. Yeye alipata nafasi ya pili kwa sababu alikuwa bado na miaka isiyofika 30, Crawford hakuipata. Isitoshe, filamu huimbwa kwanza studioni, kisha mwigizaji hufuatisha midomo mbele ya kamera, na kamera husogea karibu na uso. Ufundi wa Crawford ulijengwa kwa ajili ya umbali, kwa mikono inayosomeka kutoka safu ya mwisho na sauti inayozaliwa pale pale na kubadilika kwa pumzi ya ukumbi. Ninachosikitikia mimi hasa ni kwamba hakuna filamu rasmi iliyotolewa ya onyesho zima akiwa ndani yake. Kazi kubwa kuliko zote za maisha yake imebaki kwa masikio na kwa vipande vifupi vya picha.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1995 alikuwa Las Vegas, ukumbi wa MGM Grand, katika onyesho kubwa la mitambo liitwalo EFX, akiigiza wahusika kadhaa, Barnum akiwa mmoja wao; mwili ulianza kudai deni la miaka ya kuanguka, na jeraha la nyonga likamtoa. Dance of the Vampires ya Broadway ilifungwa mwezi Januari 2003 baada ya maonyesho 56. Mwaka 2004 alirudi kwa Lloyd Webber katika The Woman in White, akiwa Count Fosco, mtu mnene anayependa panya, ndani ya vazi zito la unene wa bandia lililomfanya atokwe jasho mno. Baada ya miezi michache aliugua akalazimika kuondoka, na Michael Ball akaichukua sehemu hiyo. Ugonjwa wa uchovu usiokwisha ulimweka mbali na jukwaa kwa miaka, na sehemu kubwa ya kupona kwake ilikuwa New Zealand. Alirudi Palladium mwaka 2011 akiwa mchawi wa Oz, na mwaka 2016, akiwa na miaka 74, akawa mwigizaji mkuu wa The Go-Between katika Apollo Theatre, tamthilia ya muziki inayosindikizwa na piano peke yake, ambayo haimpi mwimbaji pa kujificha.

Hukuniuliza kuhusu kazi yako, lakini kwa kuwa umetaja kwaya na vichekesho, nitasema haya. Usijaribu kumwiga ile noti laini ya juu kwa kubana koo. Ukiona inatoka kwa kubana, iache, uimbe nusu toni au toni nzima chini mpaka pumzi ikae. Tafuta mwalimu atakayekupa nyimbo za zamani za kufundishia sauti, za Handel zikiwamo, hata kama hutaziimba mbele ya watu. Na usiache vichekesho.

Kwa kusikiliza, anza na wimbo wa Cornelius katika filamu ya 1969, halafu tafuta rekodi ya BBC ya Barnum ya mwaka 1986 umwangalie anapokuwa juu ya kamba, mabega yake yasivyotikisika. Ukimaliza hapo ndipo urudi kwenye rekodi ya London ya Phantom. Sikiliza pumzi anazovuta kabla ya kila mstari wa wimbo wa usiku: nyingi hutazisikia kabisa, na zile chache zinazosikika amezivuta kwa makusudi, kwa sababu mhusika wake hapo anaogopa kukataliwa.